Kilango cha Ngazini

Fundi Shaame alikuja na futi yake ya mbao,
akapima mdomo wa ngazi, akapima na mtoto.
"Sabini na tano," akasema, "na huyu atakuwa
kishaipita kabla hamjafunga Ramadhani mbili."
Akakichonga kwa chaga za kitanda cha zamani,
kile kilichovunjika mguu mwaka wa mvua kubwa,
akakitia bawaba mbili na komeo la chuma
lenye ulimi mzito; usipolizoea hulifungui.

Hapa Wete, ghorofa ya pili, ngazi ni za saruji,
kumi na tisa, hazina mahali pa kushika
tangu watu walipong'oa vyuma wakaviuza.
Arafa ana miezi kumi na mmoja.
Hatambai, anavamia.
Ukigeuka kukoroga uji keshafika ukingoni,
kitumbo mbele, anaichungulia dunia ya chini
kama mnunuzi anayekagua mkungu wa ndizi.

Bi Mize, mama wa mume wangu, alicheka hata machozi.
"Mie nimelea tisa Kojani, nyumba haina mlango,
kisima hatua kumi. Wamekufa? Wazima wote!
Leo mjukuu wangu anatiwa zizini kama mbuzi wa Idi."
Sikumjibu. Hao tisa nawajua kwa majina.
Nimewahesabu harusini, nimewahesabu matangani:
wanane.

Paka ndiye aliyekasirika zaidi.
Tulimwita Karani, kwa anavyokaa juu ya meza
siku nzima bila kufanya kazi.
Siku tatu alikikodolea macho kilango,
ya nne akaruka, hakugusa hata ubao.
Arafa akapiga makofi, halafu akalia,
kilio cha mtu aliyegundua
kwamba sheria imetungwa kwa ajili yake peke yake.

Tukazoea. Mume wangu alijikwaa mara mbili,
ya pili na ndoo za maji mikono yote,
akamlaani fundi, na chaga, na aliyebuni ghorofa.
Mimi nikazijua sauti zake hata nikiwa usingizini:
kra, mtu anatoka; tak, kafunga;
kra bila tak,
acha mkate uungue, kimbia.

Mwaka ukapita, na nusu ya mwingine.
Vidole vya Arafa vikaujua ulimi wa komeo.
Akawa bawabu wetu, anatufungulia kwa adabu:
"Pita, baba." Kisha, tak.
Nikasema basi, Jumamosi fundi aje aking'oe.

Usiku wa kuamkia Alhamisi, kabla ya adhana: kra.
Kimya. Kra tena.
Haukuwa mkono wa mtoto.
Bi Mize kasimama, buibui kalivaa kinyume,
kikapu kwapani, analipapasa komeo
kama mtu anayetafuta jina la aliyemsalimu njiani.
"Unakwenda wapi, mama?"
"Kisimani. Mwanangu katangulia, hajarudi."
Nikamshika bega. Bega lilikuwa jepesi,
kama nguo iliyoachwa kambani.
"Mwanao kalala, mama. Yumo ndani."
"Yupi?"
Ng'ambo ya kilango Karani alikuwa kaketi
ngazi ya tatu, macho yake yanawaka gizani,
naye pia kama anangoja jibu.
Sikuwa nalo.

Nikamkalisha kwenye mbuzi ya kukunia nazi,
ndicho kiti kilichokuwa karibu,
nikalivua buibui, nikaligeuza, nikamvisha upya
kana kwamba tunakwenda arusini kwa jirani.
Tukakaa pale, mgongo wangu kwenye zile chaga,
mpaka msikiti ukaamka.

Kulipokucha alikunywa chai yake, akakitazama,
akauliza kilango hiki kimewekewa nani.
Nikamwambia, paka.
Akacheka hata machozi.
Jumamosi fundi Shaame alikuja na nyundo.
Nikamwomba akitie mafuta tu bawabani,
na komeo aliongeze la pili, kwa juu.